Kijiko Nilichokwenda Nacho Kariakoo

Dawa ziliisha Jumatatu, na Morogoro nilizunguka maduka yote nisizipate. Binti yangu Mwanahawa ana miaka kumi na sita na ana kifafa; akikosa vidonge siku mbili, ya tatu anaanguka. Jumatano alfajiri tukapanda treni ya Dar. Mkobani nilitia maji, kanga na kijiko. Akianguka namtia hicho mdomoni asijing'ate ulimi, ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Ugonjwa huu ulishamvunja jino la mbele.

Saa nne tulikuwa Kariakoo. Duka la dawa la kwanza, hakuna. La pili, hakuna.

"Mama, niachie mkono, watu wanatutazama."

"Watazame mpaka wachoke!"

La tatu zilikuwepo. Alhamdulillahi! Tulitoka kutafuta pa kukaa ameze, na hatukufika mbali. Mkono wake ukakakamaa ndani ya wangu, akaanguka mbele ya duka la vitenge.

Watu wakarudi nyuma. "Msimguse! Mate yake yanaambukiza!"

"Yanaambukiza nini, wajinga nyie!" Nikapiga magoti, nikatoa kijiko. Mkono wa mtu ukanidaka. Alikuwa mwenye duka, mama wa Kihindi wa makamo, miwani imening'inia kifuani.

"Weka chini hicho, mama."

"Atajing'ata ulimi!"

"Ulimi utapona. Jino likivunjika halioti tena. Mpwa wangu anaumwa hivi hivi, daktari alitukataza."

Nikakiweka chini. Akamlaza mwanangu ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akatazama saa yake. "Dakika moja. Zikifika tano, tunaenda hospitali."

Mimi nilihesabu kwa dua. Ya tatu ilipokaribia kwisha, Mwanahawa akalegea, akashusha pumzi ndefu. Tulikaa dukani mpaka akaijua sura yangu, akameza kidonge chake. Nilimshukuru yule mama mpaka akanifukuza kwa kicheko.

Saa kumi tulikuwa kwenye treni ya kurudi. Mwanahawa alipekua mkoba akitafuta maji.

"Mama, kijiko kiko wapi?"

"Nimekitupa." Miaka minne nimewaambia watu kifafa ndicho kilichomvunja mwanangu jino. "Lile jino, mwanangu, nililivunja mimi."

"Najua. Kaka aliona, akaniambia siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ungelia."

Nikalia kweli, toka Pugu mpaka Morogoro.