Tundu la Jikoni

Mvua ya kwanza imegusa vumbi hapa Soga, na harufu yake imenirudisha Kurui, kwenye jiko la bibi lililokandikwa udongo mwekundu.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Kila akiingia jikoni alimega kipande cha ukuta akakitafuna taratibu, kikilia kama karanga. Bibi alicheka. "Mwacheni ale. Mtoto ndiye anayeutaka."

Nesi wa zahanati hakucheka. Alimvuta mama kope la chini, akatazama viganja vyake vilivyopauka kama unga wa muhogo, kisha akamtoboa kidole. "Damu imepungua sana, mama. Acha udongo, kula matembele, na hivi vidonge umeze kila siku."

Mama alimeza. Baada ya siku chache choo chake kikawa cheusi kama masizi, na bibi akashtuka. "Dawa gani hii inayomuunguza mtu tumbo?" Akavimwaga vidonge vyote jalalani. Mama akarudi ukutani.

Uchungu ulipomshika, ukuta ulikuwa umeshatoboka. Kupitia tundu lile niliwaona wakimpandisha kwenye pikipiki, shingo imelegea, midomo myeupe.

Bibi aliliziba kwa udongo mpya kabla ya matanga ya mama kuisha.

Sasa binti yangu amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo lake kubwa, akivuta pumzi. "Mama, harufu hii inanijaza mate."

Nimemwambia asogee kwenye mwanga, nimtazame macho.