Kuku, Mwambie Mkwe

Kwetu Handeni mtu akibisha hodi kwa wasiomjua hatoi jina peke yake. Jina ni jepesi, hata mwizi analo. Anataja kijiji, ukoo wa baba, ukoo wa mama, na kama ameoa anataja alikooa. Mwenye nyumba anasikiliza mpaka asikie kitu anachokijua, ndipo anasema karibu ndani. Marehemu baba alinifundisha hivyo, nami nimewafundisha watoto wa madrasa yangu Sindeni, pamoja na adabu ya kula na adabu ya kuingia msikitini. Sikuwahi kufikiri kwamba kujitambulisha vizuri kunaweza kumfungia mtu ndani.

Mwaka jana jicho langu la kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho. Msahafu nilikuwa nausoma kwa kumbukumbu, kurasa nazigeuza kwa heshima tu. La kushoto nalo lilikuwa linaanza. Hospitali moja ya Korogwe ikakubali kunifanyia upasuaji wa hilo la kulia, lakini nesi alinionya kabisa: nikae mjini wiki mbili, nisirudi kwenye vumbi la kijijini, nisiiname, na dawa ya matone isikose. Ikikosa, jicho likiingia uchafu, hata daktari hataweza kulirudisha.

Binti ninayeishi naye alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kunifuata. Gesti niliyoonyeshwa ilikuwa na baa mlangoni. Basi nikaenda msikitini Manundu, nikasali adhuhuri, na imamu alipomaliza dua nikasimama.

"Ndugu zangu, mimi ni msafiri kutoka Sindeni, mwalimu wa madrasa. Kesho napasuliwa jicho, natafuta pa kulala mpaka nipone. Sili sana. Nakoroma, hilo nalisema mapema."

"Mwalimu, unakoroma kwa tajwidi?" aliuliza mtu wa safu ya nyuma, na msikiti mzima ukacheka.

Wakati wa kuvaa viatu, mwanamume mmoja muuza mitumba akanishika mkono. "Shikamoo mzee. Nakaa Masuguru na mke wangu na mama. Chumba cha uani kipo, godoro lipo. Tena mama atafurahi, atapata mtu wa rika lake wa kuongea naye."

Nilimshukuru Mwenyezi Mungu njia nzima.

Mama yake tulimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, miguu ameinyosha kwa sababu ya magoti. Pembeni yake palikuwa na kuku mtetea aliyefungwa kamba mguuni. Alikuwa amenunuliwa juzi, hajaizoea nyumba. Nikaamkia kwa mbali, nikaanza kujitambulisha kama nilivyofundishwa. Nilipotaja ukoo wa baba alitikisa kichwa tu. Nilipotaja wa mama akasema, "Hao nawasikia." Nilipotaja watu wa marehemu mke wangu, kijiji chao na jina la mama yake, mwiko ukamdondoka.

"Yule ni ndugu yangu! Mama yake na mama yangu, tumbo moja. Basi mkeo alikuwa mwanangu." Akanitazama mara moja. "Ina maana wewe..."

Hakumaliza. Alivuta khanga ikafunika kichwa na uso, akajizungusha kwenye kigoda mpaka akanipa mgongo. Mwanawe alipiga makofi kwa furaha. "Mzee, kumbe wewe ni shemeji! Umeoa kwetu!"

Yeye ni wa kizazi cha mjini, kwake lilikuwa jambo la kufurahi. Sisi wawili tulijua limetukuta jambo gani. Kwetu mtu hatazamani na mama mkwe, hali naye, hasemi naye, wala hapiti alipokaa. Nilimtii hivyo mama mkwe wangu wa kwanza mpaka alipofariki. Sasa nilikuwa nimepata mwingine uzeeni, huenda hata nimemzidi umri, na uani kwake ndiyo ilikuwa njia yangu pekee.

Chumba changu kilikuwa na mlango mmoja, nao ulitazama uani. Choo kilikuwa mwisho wa uwanja, maji yalikuwa kwenye ndoo karibu na jiko, na jiko lilikuwa karibu na kigoda chake. Kila nilipotaka kutoka ilinibidi nikohoe nyuma ya pazia. Nikikohoa, namsikia anajikusanya, anashika ukuta, anavuta yale magoti kuingia ndani, anaguna. Nikirudi, anatoka tena, anaguna tena. Baada ya upasuaji, nilipokuwa na kifuniko cha plastiki juu ya jicho na nimekatazwa hata kusujudu, niliyasikia magoti yake kuliko nilivyolisikia jicho langu. Nikapunguza kunywa maji ili nisimsumbue. Udhu wa adhuhuri nikaulinda mpaka alasiri. Joto la Korogwe kwenye chumba cha bati mnalijua. Nilikaa kwenye kiti, nikasali kwa ishara nikielekea kibla, na kibla kilikuwa upande ule ule wa pazia ambao sikuweza kuuvuka.

Niliwaza kurudi msikitini kujitambulisha upya kwa watu wengine. Lakini kumhama mkwe ni kumtukana. Wangesema amekula nini kwetu hadi akakimbia? Nikabaki.

Asubuhi ya kwanza nilisikia sauti uani. "Wewe kuku, hebu mwambie mkwe uji uko mlangoni, nimeufunika na sahani. Asiuache upoe."

Nikachungulia kwa jicho la kushoto pembeni mwa pazia. Kuku alikuwa anaparua udongo pale kamba ilipofikia.

"Kuku, mpelekee shikamoo. Mwambie nashukuru."

"Kuku, mwambie marahaba. Na kikombe cha jana akirudishe, si urithi wake."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Kuku akaambiwa habari za bei ya sukari, akaulizwa kama mkwe alilala, akaelezwa kwamba mtu akikoroma vile basi wezi wa Masuguru wote wamehama. Siku zingine, nikisoma sura ninazozijua, uani pananyamaza hata mwiko. Nikikatisha, anasema, "Kuku, mwambie mbona amekatisha." Nikaendelea. Yalinifariji, sitaki kuwa mkosa shukrani. Hata hivyo yule kuku alikuwa na kamba ndefu kuliko yangu.

Dawa nilikuwa nikiwekewa na mke wa mwenyeji wangu. Mimi mwenyewe mikono inatetemeka, nilijaribu mbele ya nesi nikaambiwa niache. Wiki ya pili ilipoanza, yule mama wa watu aliitwa kwao Mombo, mdogo wake amejifungua vibaya. Mumewe akachukua kazi ile. Ananiwekea alfajiri, anatoka sokoni mchana kuja kuniwekea, anarudi tena alasiri, na usiku yupo nyumbani. Sikumsikia akilalamika.

Kisha siku moja adhuhuri ikapita, hakuja. Akapiga simu. "Mzee, nisamehe, nimefuata mzigo Muheza, gari limekatika ekseli barabarani. Jitahidi mwenyewe hilo moja, la alasiri nitawahi."

Nikajitahidi. Tone la kwanza likaenda shavuni, la pili likaingia sikioni. La tatu niliogopa kulitoa, maana nesi alisema mdomo wa chupa ukigusa jicho ni balaa, na mkono wangu ulikuwa unapiga kama wa mtu mwenye homa. Nikafunga chupa. Jicho likaanza kuwasha, halafu kuchoma, na machozi yakawa yanatoka bila kulia. Alasiri ikaingia. Simu yake haikupatikana.

Nilikaa kitini na chupa mkononi. Kwenye dini sikuona kizuizi: matibabu yakiwa hayana mwingine wa kuyafanya, mkono wa mwanamke mzee si haramu juu ya uso wa mgonjwa. Hilo nimelifundisha watu miaka mingi. Lakini kulifundisha ni kitu kimoja, na kumwita mkwe aje aniguse uso ni kingine. Nilifikiria kurasa za msahafu, namna herufi zilivyoanza kurudi juzi nesi alipoinua kifuniko. Nilimwomba Mwenyezi Mungu asininyang'anye kwa sababu ya aibu yangu.

"Kuku," nikasema. "Kuku, mwambie dawa ya mchana imekosekana. Na mwanae bado."

Nikamsikia akijikusanya, akaguna, na hatua zake zikaenda nje hadi kwa jirani. Akabisha hodi, akabisha tena. Jirani alikuwa sokoni. Hatua zikarudi taratibu, zikapita kigoda, zikasimama nje ya pazia langu.

"Kuku," alisema karibu sana, kuku mwenyewe akiwa kule mbali kwenye kamba yake. "Mwambie mkwe alale chali. Afumbe lile jicho zima."

Nililala, nikafumba. Pazia likasogea. Harufu ya moshi wa mkaa na kitunguu ikaingia chumbani. Sikuona kitu, na yeye, nadhani, aliniona kidogo tu kupitia ukingo wa khanga. Alinitoa chupa mkononi. Vidole vyake, vikavu kama maganda ya mahindi, vikainua kifuniko, vikavuta kope chini.

"Kuku, mwambie asipepese."

"Kuku, mwambie sipepesi."

"Anapepesa."

Tone likaingia. Baridi yake ilinifika hadi kisogoni. Akasubiri kidogo, akarudisha kifuniko, akaweka chupa kifuani pangu, na pazia likarudi mahali pake.

Mwanawe aliingia wakati wa magharibi, amejaa vumbi na aibu. "Mzee, jicho! Nani kakuwekea dawa?"

"Kuku," nikasema.

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Uani nikasikia mwanamke anacheka, anajaribu kujizuia, anashindwa. Alicheka mpaka akakohoa.

Siku zilizobaki kuku ndiye aliyeniwekea dawa mchana na alasiri, na muuza mitumba akapumzika mbio za kutoka sokoni. Nesi alipotoa kifuniko kwa mara ya mwisho alinipa kadi ya kusomea. Nikaisoma yote, hadi herufi ndogo za chini.

Nilirudi Masuguru kuchukua mfuko wangu. Kwa mara ya kwanza nilipaona pale uani sawasawa. Ukuta nilioudhani wa kijivu ulikuwa wa buluu. Kuku alikuwa amefunguliwa kamba, anazunguka kigoda, wala haendi mbali. Yeye alikuwa amekaa amenipa mgongo, khanga kichwani. Nilikuwa na jicho zima, jipya, na hatua chache zingenifikisha mbele yake. Nikaliinamisha lile jicho chini.

"Kuku, mwambie naondoka. Mwambie Mwenyezi Mungu amlipe kila alipovuta magoti."

Aliendelea kupepeta mchele. Nilishafika kwenye geti aliposema, kwa sauti ya kumsemesha kuku, lakini kubwa ya kunifikia mimi:

"Mwambie lile la kushoto nalo asilingoje mpaka lioze. Akija, asihangaike kujitambulisha."

Nimepangiwa baada ya mavuno. Mahindi yakishakauka, nitaenda.