Miaka Yangu na Sanduku la Pedi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa sanduku la pedi pamoja na chati ya mji wa mimba. Mende walikuwa wameila upande mmoja, kwa hiyo mwanamke wa shule yetu alikuwa na ovari moja tu. Nyinyi mnaoingia sasa mnadhani kiranja wa afya ni mtu wa kufukuza watu chooni. Enzi zetu, wadogo zangu, ilikuwa taaluma.

"Mbona kama kichwa cha mbuzi?" niliuliza, maana ile mirija miwili inayopitisha yai imekaa kama pembe kabisa.

"Mbuzi wewe," alijibu Matroni. "Humo ulikaa miezi tisa bila kuosha hata kijiko. Heshimu."

Matroni, mama wa bweni, ndiye bosi wangu wa kwanza. Alinifundisha kwamba kila mwezi utando wa ndani ya mji wa mimba unanenepa kusubiri mimba. Mimba isipotunga, utando unabomoka na kutoka, ndiyo hedhi, na misuli inajibana kuusukuma. Huko kujibana ndiko kunakouma. Dawa zetu zilikuwa panadol, chupa ya maji ya moto na uvumilivu. Huo wa mwisho haukuwahi kutuishia stoo. Na kila mgonjwa Matroni alimsindikiza kwa maneno yaleyale: "Vumilia mwanangu. Ukizaa itaisha." Aliyasema kama mtu anavyosema pole, nasi tuliyazoea kama kengele.

Bosi wa pili alikuwa Makamu Mkuu wa Shule. Huyu neno hedhi lilimkwama kooni kama mwiba wa perege. "Walio kwenye ile hali," alikuwa akitangaza mstarini huku anatazama mawingu, "wasikimbie mchakamchaka." Basi siku hiyo nusu ya shule ilikuwa kwenye ile hali.

Mwanahawa ndiye hakuwa anaigiza. Alilala kitanda cha juu yangu. Kwao ni Kinole, huko milimani, na hesabu alikuwa anazitafuna kama karanga. Mwezi ukifika alitapika, akajikunja, mara nyingine akazimia. Lakini sauti humsikii. Alipovunja ungo walimweka ndani kama mwali, ilivyo desturi yao, na kungwi wake akamfunza kwamba anayelia kwa jambo hili anauaibisha ukoo wa mama yake. Kwa hiyo alikuwa anang'ata kanga. Tukimpeleka zahanati, nesi anaona binti ametulia kwenye benchi, anampa panadol, tunarudi.

"Shosti, ukifa nachukua godoro lako," nilimwambia siku moja nikimwekea chupa tumboni.

"Chukua. Lina kunguni, watakuleta nilipo."

Bosi wa tatu alikuwa Madam wa Baiolojia, binti mdogo, ametoka chuo juzijuzi. Mwanahawa alianguka maabara mbele yake. Madam akakaa naye sakafuni mpaka alipopata nguvu, kisha akatuambia maumivu ya namna ile si ya kawaida. Upo ugonjwa unaitwa endometriosisi: vitu vinavyofanana na ule utando vinaota nje ya mji wa mimba, kwenye ovari au hata kwenye utumbo, na vinaumiza. Hakusema ndio huo. Alisema lazima aonwe na daktari bingwa wa wanawake. "Na kuzaa si dawa yake," aliongeza. "Wapo wenye watoto wanne na bado wanajikunja."

Shule ikawaita wazazi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo aliyekuja ni mjomba, na mkungu wa ndizi begani kwa ajili ya Matroni. Nilikuwepo ofisini kwa Makamu kama kiranja. Madam alieleza yote, kidole kwenye chati, na mjomba akamsikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Nimekuelewa, mwalimu. Wewe umezaa?"

"Bado, baba."

"Na huyu mama?"

"Watano," alijibu Matroni, kifua mbele.

"Basi. Mwanahawa alituambia likizo kwamba mama wa bweni anasema akizaa itaisha. Tumekaa ukoo mzima, na bibi yake anasema hivyohivyo. Kapatikana mtu mwema, ana mikarafuu. Mtoto anaumwa jamani! Nimwache ateseke na dawa ipo?"

Macho yake yalikuwa yamelowa. Angekuwa mtu mbaya ningepata pa kumshika.

"Nilikuwa nambembeleza tu," Matroni alisema.

"Kumwoza mwanafunzi ni kosa la jinai!" Madam akasimama.

"Simwozi mwanafunzi. Namchukua mgonjwa akapumzike nyumbani."

Makamu alitazama dari. "Kama ni ile hali," alisema, "wenye mtoto ndio wanaojua." Akasaini ruhusa ya ugonjwa.

Mwanahawa alipita mlangoni amebeba begi lake, kanga mdomoni. Aliitoa mara moja tu. "Godoro chukua," aliniambia.

Madam alikwenda ustawi wa jamii, wakamwambia watafuatilia. Bado anakwenda. Kila asubuhi nikipiga mswaki natazama Uluguru, na milima imejifunika mawingu kama haitaki kuulizwa. Matroni siku hizi akiletewa mgonjwa anampa maji ya moto, hasemi kitu. Zile ndizi ziliivia stoo mpaka zikaoza. Hakuna aliyezigusa, na shule yetu mnaijua kwa njaa.

Wiki hii nimestaafu, maana kidato cha nne tunaingia mtihani. Kiinua mgongo sikupewa, mgongo wenyewe unauma kwa kubeba ndoo. Nilimkabidhi mrithi wangu wa kidato cha pili ufunguo, chati na chupa. Nikamweleza habari yote ya Mwanahawa, na lile neno la Matroni asije akalitamka kwa mgonjwa yeyote. Alilia. Akaapa kwa Mungu.

Jana nikapita dirishani kwake. Ndani kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza analia, na mrithi wangu anamsugua mgongo, anahangaika atafute cha kumtuliza.

"Pole, mdogo wangu," alisema kwa huruma yote ya dunia. "Vumilia. Ukizaa itaisha."