Nusu Uso kwa Mtindo wa Kijapani

Mafuta ya mandazi yaliniunguza shavu la kushoto jikoni kwetu huku ukimbizini, mtaa wa Albert Park, nikiwapikia wateja wa asubuhi. Tangu siku hiyo mume wangu, mchoraji, akiongea nami alilitazama sikio langu la kulia. Nikamwomba kitu kimoja tu: anichore uso mzima, nijue kama macho yake bado yananifikia. Alikubali haraka mno, na mimi mjinga nikafurahi.

Siku zile alikuwa amenaswa na picha aliyoiona kwenye simu, ya mchoraji wa karne ya kumi na tisa aliyehamia ugenini akamchora mkewe kwa kuiga Wajapani: uso bapa usio na kivuli, nafasi tupu kubwa, na ukingo wa picha unaomkata mtu bila kuomba radhi. Mgeni kama sisi, alisema, kana kwamba yule mzungu naye aliwahi kupanga foleni ya karatasi za ukimbizi. Nilikaa kitini majuma mengi, nimejifunga kitenge changu cha harusi, shingo imekauka, na sikuruhusiwa kuchungulia.

Alipoigeuza turubai nilikuta shavu la kulia, jicho moja, nusu ya pua. Kisha ukingo. Kwingine kote ni ukuta wa manjano.

“Papa, nusu yangu ingine iko wapi?” nilimuuliza mume wangu.

“Ni mode ya Bajapani, mama, mtindo yao. Banakataka batu vile.”

Nafasi ilikuwepo tele. Ukuta ule ungetosha nyuso nne kama yangu. Nilimchukia siku hiyo, na sijaacha.

Maonyesho yalifanyika ukumbini Westville, mtaa wa wenye nacho. Mandazi ya wageni nilikaanga mimi, naye akaniomba nisitoke sana jikoni. Nilitoka. Mama mmoja msomi alikuwa amesimama mbele ya picha, akisifu ule mkato, akiuliza huyu ni nani. Mume wangu akajibu kuwa ni mkewe, alibaki nyumbani kwetu Bukavu.

Nilikuwa nyuma yake na sinia mkononi. Nikaliweka chini, nikamwambia yule mama kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba mke ndiye mimi. Akanitazama, akaitazama picha, akarudi kwenye shavu langu la kushoto, taratibu, kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

“Sasa naelewa kwa nini umekata hapo,” alimwambia mume wangu. “Umefanya vizuri.”

Mume wangu akamshukuru.