Fundi Sikio na Ukuta Ulioitika

Mafundi wenzake walimwita Sikio, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele. Kazi yake ilikuwa kuandaa kuta kongwe: kukwangua rangi iliyobabuka, kuziba nyufa, kupiga msasa, kisha kuuvika ukuta karatasi nzito nyeupe ili rangi ikipakwa juu yake isionyeshe makovu ya chini. Lakini fahari yake ilikuwa kugonga. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akakwambia papo hapo kama lipu imeshika, au imeachana na matofali kama mume na mke waliobaki kulea watoto tu. Mkewe alikikubali kipaji hicho, ila alilalamika kwamba sikio linalosikia lipu mbovu nyumba ya tatu halijawahi kusikia, "Baba watoto, ndoo hazina maji."

Siku hiyo aliitwa na Mama Pacha, mshonaji wa mtaa wa nyuma. Sebule yake ilikuwa ya nyumba ya urithi, kuta zina mabonde na vilima. Ukiegemeza kabati, kabati linakuegemea wewe.

"Mama mkwe yumo chumba cha pili," alisema akichukua mkoba. "Miguu inamsumbua, analala sana. Wewe piga kazi tu."

Sikio akafunika viti, akashika chaki, akaanza na ukuta mrefu. Ko-ko. Akatega. Kwa ndani, kwa mbali, ukamrudishia: ko-ko.

"Ahaa," akasema, kama daktari aliyeonyeshwa ulimi. "Hapa pana uwazi." Akachora msalaba.

Akasogea. Ko-ko. Ko-ko. Msalaba mwingine. Jua halijafika utosini, ukuta mzima ulikuwa umejaa misalaba kama makaburi. Alimhurumia Mama Pacha, lakini moyoni alichekelea: fundi mwingine si angebandika karatasi juu ya uozo ule!

Akachukua patasi na nyundo. Lipu iliyokufa huanguka ukiigusa tu. Hii iling'ang'ania kama kupe. Sikio alipiga hadi mashavu yakatetemeka, vumbi likamtia mvi kabla ya wakati wake.

"Mgonjwa kubisha si kupona," akajifariji, akaendelea.

Nusu ya ukuta ikiwa chini, akagonga mara tatu kuhakikisha. Ukuta ukajibu mara tatu. Akagonga tano. Tano zikarudi. Nywele zikamsimama. Akagonga kwa mdundo wa wimbo. Ukuta ukaupokea na kuumalizia.

"Na... nani?"

"Na wewe nani?" sauti kali ya kizee ikatoka upande wa pili. "Tangu asubuhi unabisha hodi, nakuitikia, huingii! Sasa umeanza kubomoa. Kwani mlango huuoni?"

Sikio akakimbilia chumba cha pili. Bibi alikuwa ameketi kitandani ndani ya gauni la kutokea, shanga shingoni, poda usoni, na ncha ya mkongojo wake bado iko ukutani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Kelele zote hizo za mtu mmoja?" Bibi akaguna. "Haya, kaa basi. Nimejipamba bure?"

Akakaa. Angefanya nini?

Mama Pacha aliporudi, mkoba ulimdondoka. "Fundi! Nilikuita uutengeneze ukuta au uutafune?"

Sikio alifungua kinywa ausingizie unyevunyevu. Lakini Bibi alikuwa amejikokota hadi mlangoni.

"Usimgombeze, mwanangu. Alibisha, nikaitika. Ningenyamaza ungesema mama mkwe wako hajui kupokea wageni."

Mama Pacha akautazama ukuta, akaitazama poda, akaketi sakafuni palepale juu ya vifusi, akacheka hadi akashika mbavu. Sikio hakucheka. Masikio yake, hayo hayo ya sifa, yalikuwa yanawaka moto.

Alipiga lipu mpya kwa gharama yake mwenyewe. Ilipokauka ilinyooka kama rula, na hapo balaa likazaliwa upya: kuta tatu zilizobaki sasa zilionekana kama shuka lililolaliwa.

"Hizo nazo je?" Mama Pacha akauliza.

Hizo Sikio alizigonga huku Bibi ameletwa sebuleni, mkongojo umewekwa mbali. Akaziba mabonde, akasugua vilima, akapaka gundi nyepesi, akaanza kuvika karatasi kwa upana, ukingo kwa ukingo bila kupandana. Bibi akasimamia kutoka kitini.

"Pale pana kipovu."

"Hapana kitu pale, Bibi."

Akapitisha brashi. Kipovu kipo. Kilipopatikana cha tatu, Sikio aliacha ubishi, akawa anauliza yeye: "Na hapa, Bibi?"

Tangu hapo, kabla ya kugonga ukuta wowote huuliza nani yuko upande wa pili. Akiambiwa hakuna mtu, huenda kuchungulia.

Karatasi ilipokauka, Sikio akapaka rangi ya maziwa, akaiacha nayo ikauke. Bibi akapitisha kiganja polepole toka kona hadi kona, wote wakimsubiri.

"Laini," akasema. "Nzi atateleza." Kisha akarudi kitini. "Haya, nigeuzieni kiti dirishani. Ukuta nimeshauona, nataka kuona watu."