Siku Tisa za Kujua

Kabla ya kuvaa sare ya ulinzi, Harrison Mwendwa alikuwa mwalimu wa fasihi huko Mwingi. Hakuwa ameajiriwa na serikali. Alikuwa mwalimu wa bodi ya shule, na mwaka 2004 shule ilipoletewa walimu wa serikali, wale wa bodi walishukuriwa na kuagwa. Miezi minne baadaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jengo la ghorofa sita mtaa wa Satwa, Dubai, daftari la wageni likiwa mbele yake.

Mdogo wake Jecinta alimfuata mwaka 2006, akapata kazi ya kufua nguo katika hoteli. Harrison ndiye aliyemtafutia kitanda katika chumba nambari 304, kwenye jengo hilohilo alilokuwa akililinda.

"Hapa nitakuona ukiingia na ukitoka," alimwambia.

Jecinta akacheka. "Yaani hata huku bado mimi ni mwanafunzi wako?"

Kweli alikuwa amemfundisha. Jecinta alipokuwa kidato cha tatu, Harrison aliwasomesha tamthilia moja ya Wagiriki wa kale, habari za mfalme aliyetoa amri na binti aliyekataa kuitii kwa sababu moyo wake haukumruhusu. Alipenda kuifundisha. Alisimama mbele ya darasa na kuuliza: serikali ikisema hivi na dhamiri yako ikasema vile, utamsikiliza nani? Wanafunzi wakamrudishia swali, na yeye bila kusita akajibu kwamba mtu anayeizima dhamiri yake ili alale salama, huyo amekwisha. Darasa likapiga makofi.

Mwaka 2007 serikali ya Emirates ilitoa msamaha kwa wageni wasio na karatasi, waondoke bila adhabu. Muda ulipokwisha mwezi wa Novemba, ukali ukarudi. Wahid, msimamizi wa walinzi, mtu wa Mombasa, aliwakusanya vijana wake akawaeleza.

"Anayemficha mtoro, yeye na mtoro hali moja. Na mlinzi anayejua halafu akanyamaza, huyo ni mshirika. Khalas, basi. Asije mtu akaniambia hakusikia."

Wiki mbili baada ya mkutano huo, Ijumaa mchana, Jecinta aliingia na mwanamke mwembamba aliyevaa buibui, mkono mmoja ameuficha ndani. Hakumwandikisha kwenye daftari. Jioni alishuka peke yake akasimama karibu na meza ya kaka yake.

"Anaitwa Amne, ni wa Kwale," alisema kwa Kikamba, sauti ya chini. "Alikuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Mirdif. Madam wake amemmwagia maji ya moto, Kaka. Kuanzia bega mpaka kiwiko. Nilimkuta nyuma ya kituo cha basi analia."

"Pasipoti yake iko wapi?"

"Kwa kafeel, yule mwajiri aliyemdhamini."

"Basi ni mtoro. Mpeleke polisi."

"Polisi watampigia kafeel. Wenzake wawili walirudishwa hivyohivyo. Nataka kumfikisha ubalozini, Abu Dhabi. Ngozi ikikauka tu. Wewe unajuana na madereva wa teksi. Tusaidie."

Harrison alitazama mlango. Alimwambia kwamba sheria ni sheria, kwamba wao ni wageni katika nchi ya watu, kwamba mama yao anawategemea wote wawili. Yote yalikuwa kweli. Jecinta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema.

"Ile ilikuwa tamthilia, Jecinta. Ilikuwa ya mtihani."

Dada yake alipanda ngazi, na tangu hapo hakumwomba tena kitu.

Wasichana wawili waliolala chumba kimoja na Jecinta walikuwa likizo kwao Manila, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kila siku Harrison alimwona Jecinta akitoka kazini na dawa ya kuungua, pamba, uji wa pakiti. Kila siku alijiambia kuwa kesho wataondoka, naye ataweza kusema hakuona. Siku ya tano alikutana naye kwenye ngazi akamwambia, "Bado yuko?" kama mtu anayeulizia mgonjwa asiyemhusu. Jecinta alimjibu kwamba Amne ana homa na hawezi kusafiri. Harrison aliona aibu kwamba moyo wake ulikasirika, si kwa ajili ya homa, bali kwa sababu homa ile ilikuwa inamchelewesha yeye kupumua.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Wahid aliingia pamoja na ofisa mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, na askari wawili wa kike nyuma yake. Walikuwa wakipita jengo hadi jengo. Ofisa aliuliza kwa Kiarabu, Wahid akatafsiri.

"Anauliza, kuna mwanamke yeyote humu ambaye hayumo kwenye orodha? Sema sasa, Bwana Harrison. Wakipanda wakimkuta, mimi na wewe hatutakuwa na la kusema."

Orodha ya wapangaji ilikuwa juu ya meza. Harrison angeweza kusema hapana. Jengo lilikuwa na vyumba sitini, na watu wale walikwisha kuchoka, ofisa alikuwa ameanza kutazama saa yake. Baadaye alilikumbuka hilo la saa kuliko yote mengine. Alishusha macho, akaweka kidole chake kwenye 304.

Walishuka na wanawake wawili. Amne alikuwa amefungwa bandeji safi mkononi. Jecinta alikuwa na aproni ya kazini, maana alikuwa akijiandaa kwenda zamu. Alipita mbele ya meza bila kugeuza shingo.

Kituoni Harrison aliitwa atoe maelezo. Walimweka kwenye benchi, dada yake amesimama mbele ya meza ya ofisa. Jecinta aliulizwa kama alijua kumficha mtoro ni kosa.

"Nilijua," alisema.

Kwa nini basi alifanya?

"Mtazame mkono. Ningemwacha nikalale wapi?"

Wahid alitafsiri polepole. Ofisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akamwelekezea Harrison kalamu na kuuliza jambo.

"Anauliza, huyu kaka yako alijua tangu lini?" Wahid alisema.

Hapo ndipo Jecinta alipomtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Leo asubuhi," alisema. "Aliniona nikipandisha chai ya watu wawili akashuku. Kabla ya leo hakujua kitu."

Harrison alifungua mdomo. Neno alikuwa nalo: siku tisa, nimejua siku tisa. Alilihisi limekaa juu ya ulimi. Ofisa alisubiri kidogo, akaona hakuna kitu, akampa karatasi atie sahihi. Akaitia.

Amne alirudishwa Kenya baada ya wiki tatu. Jecinta alifungwa miezi miwili, macho yake yakapigwa picha ili asiingie tena nchini, akapandishwa ndege. Harrison hakwenda kumwona gerezani hata mara moja. Kampuni ikamwandikia barua ya pongezi, na picha yake ikabandikwa ukutani ofisini, chini yake maneno "Mlinzi Bora wa Mwezi". Kila alipokwenda kuchukua sare mpya aliinamisha kichwa mpaka apite ukuta ule.

Hakurudi nyumbani mpaka Desemba 2009. Mama yao alimpokea kwa vigelegele. Aliwaambia majirani waliokuja kumsalimia kwamba huyu ndiye aliyebaki akashikilia nyumba, dada yake alipokamatwa na watu wabaya wa huko. Ndivyo Jecinta alivyowaeleza. Harrison alikunywa chai yake huku masikio yakiwaka moto.

Jioni alimkuta Jecinta uani akianua nguo.

"Mama hajui," alisema.

"Hajui."

"Kwa nini ulisema vile kituoni?"

Jecinta aliendelea kukunja shuka. "Kwa sababu Amne si ndugu yangu na nilimsaidia. Wewe ni ndugu yangu. Ningefanyaje?" Kisha akaongeza, bila hasira, "Lakini usiniulize tena, Kaka. Nachoka."

Asubuhi iliyofuata Harrison alimfuata mama yake jikoni. Mama alikuwa akichambua kunde kwenye ungo. Harrison alimweleza yote: mkono wa Amne, zile siku tisa, kidole, karatasi aliyotia sahihi. Hakuacha kitu. Mama alikuwa amesimamisha mikono. Kisha akaanza tena kuokota mawe, moja moja, bila kumtazama.

"Jecinta ajua kwamba ni wewe?"

"Ajua, tangu siku ile."

"Na amekuwa akinidanganya miaka yote hii kwa ajili yako."

"Ndiyo, mama."

"Ameenda mtoni kuteka maji," mama alisema hatimaye. "Inuka umsaidie."

Harrison aliinuka. Alimkuta dada yake njiani, mtungi wa plastiki kila mkono. Jecinta alimtazama, akaweka mmoja chini, akaendelea kutembea na ule mwingine. Harrison aliuchukua ule uliobaki, akafuata nyuma.