Ramani ya Pango la Popo

Agustina Werema alikuwa mkulima wa mihogo na mahindi huko Kisaka, Serengeti, mjane mwenye watoto watatu, Irine akiwa wa kwanza, na kwa miaka miwili alihesabu popo. Kazi hiyo alipewa na Daktari Nikodemo, mtafiti wa wanyamapori aliyetaka kujua popo wanalala wapi, wanakula nini na wanafika umbali gani. Wengi kijijini walimkwepa mtafiti huyo, kwa sababu popo kwao ni mkosi. Agustina ndiye aliyempeleka kwenye pango la mlimani, ambamo zamani ukoo wa mumewe ulificha ng'ombe wakati wezi wa mifugo walipovamia.

Aliishia darasa la saba, lakini alijifunza haraka. Alijua kumshika popo bila kumvunja bawa, kumbandika mgongoni kidude cha redio kidogo kama harage, kisha kuinua antena na kuufuata mlio wake. Ni yeye aliyegundua kwamba popo wa pango lile huvuka bonde zima kwenda kula nondo mashambani.

"Nondo hao ndio wanaozaa viwavi wanaotumalizia mahindi," aliwaambia majirani. Wachache walimsikiliza.

Mwaka 1993 rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo mapya, ilikuwa imewaka Tarime, na watu wakaanza kusambaa hadi Serengeti wakigonga kila jiwe. Asubuhi moja ya Novemba Agustina alipanda mlima, akakuta moshi mweusi unatoka pangoni. Wanaume kama kumi walikuwa wamechoma matairi mlangoni. Popo walitapakaa chini kama majani makavu. Ulikuwa msimu wa kuzaa. Wengi walikufa vichanga vikiwa vimewang'ang'ania kifuani.

"Nani amewaleta hapa?" aliuliza.

Kiongozi wao, Hezekia, alijibu kwa upole. "Mama, sisi tunatafuta riziki. Tumeambiwa ndani kuna mwamba mzuri, na hatuwezi kuchimba huku hawa wanaturukia usoni."

"Nimeuliza nani amewaleta."

Hezekia alimwonyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. Agustina aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake. Ilikuwa nakala ya ramani aliyomchorea Nikodemo kwa penseli, mapango yote saba yametiwa alama.

Hakulia. Aliokota mizoga akaifunga kwenye kanga, akashuka hadi kambini kwa Nikodemo, mwendo wa saa mbili. Alimkuta mezani anakunywa chai. Hakumsalimia.

"Ramani yangu ulimpa nani?"

Nikodemo aliweka kikombe chini. "Kuna bwana mmoja aliniazima gari lake, langu lilipoharibika. Akaniomba nimpatie nakala, akasema anapenda kutembelea mapango. Sikujua, Mama Irine."

"Mkoa mzima unachimba. Mtu anakuuliza habari za mapango, wewe na elimu yako yote hukujua?"

"Nimekosa. Kwani kumetokea nini?"

Agustina aliifungua kanga, akamwaga popo juu ya makaratasi yake. Nikodemo akanyanyuka, uso umemshuka.

"Sasa andika," Agustina alisema. "Andika kwenye ripoti yako kwamba wamechomwa, na waliowachoma walifika kwa ramani uliyoitoa wewe."

Nikodemo alitikisa kichwa. "Nikiandika hivyo nitanyang'anywa kibali. Miaka yote hii itakuwa bure. Nitaandika kwamba wamehama."

Agustina alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlisha ugali nyumbani kwake. Aliingia hemani, akachukua redio na antena. Nikodemo hakumzuia.

Wiki iliyotangulia walikuwa wamewafunga vidude popo wanne. Siku tatu Agustina alizunguka vilimani peke yake. Siku ya tatu, upande wa pili wa bonde, redio ililia, hafifu. Aliufuata mlio hadi kwenye ufa wa jabali, akamulika tochi. Walikuwa sitini na mbili. Pangoni walikuwa zaidi ya elfu tatu. Aliizima tochi, akarudi nyumbani.

Nikodemo alikuja wiki iliyofuata, akamkuta anamenya mihogo.

"Umewapata wengine?"

"Hapana."

"Mama Irine, bila wewe siwezi kuendelea."

"Usiendelee."

Nikodemo akaondoka. Ripoti yake ilitoka vile alivyotaka yeye.

Akina Hezekia walichimba miezi minne, wakapata kidogo, wakahama. Msimu uliofuata viwavi walivamia mahindi vibaya kuliko miaka yote ambayo Agustina aliikumbuka. Majirani wakaja kumuuliza wale popo wake wako wapi.

"Mlikuwa mnawapelekea wachimbaji chapati na maji," aliwajibu. "Mliuona moshi kila mmoja wenu. Hakuna aliyekuja kuniita."

Aliwaacha uani, akaingia ndani.